Dari ya Tumbaku

Kanisa letu la Sabato hapa Kehancha lilikuwa na mabati matupu. Ikifika saa sita, mhubiri akitaja moto wa siku ya mwisho hakuwa na haja ya kuueleza, sisi tulikuwa tunausikia utosini.

Mjukuu wangu Joyline ndiye aliyetuokoa. Yeye huponda mabua yanayobaki shambani majani yakishavunwa, akachanganya na makapi ya miwa kutoka kiwandani na uji mzito wa muhogo, akakandamiza kwenye fremu na kuanika. Vinatoka vibao vyepesi vya kupigilia chini ya mabati, joto linabaki hukohuko juu. Kanisa likampa kazi. Wenzetu wa kanisa la Rodi Kopany wakasema wataona letu kwanza, ndipo waagize.

Sabato ya kwanza chini ya dari hiyo, mzee wa kanisa, Bichage, alilala vizuri mpaka wimbo wa mwisho. Halafu mtu akamnong'onezea kwamba mabua yale ni ya tumbaku.

Usingizi ukamtoka. Jumapili akaita kikao, akasema tumbaku haiwezi kukaa juu ya vichwa vya watakatifu, vibao vishushwe vichomwe. Yaani tumbaku ambayo mtu mmoja haruhusiwi kuivuta, moshi wake tuuvute kanisa zima.

Joyline aliinama tu. Habari ya kuchomwa ikifika Rodi Kopany, nani angeagiza kwake tena, hata mwenye banda la kuku?

Nikainuka polepole, magoti yangu hayapendi haraka.

"Mzee Bichage, mabati haya si ni wewe ulitutolea?"

Akakubali, na kushukuru kidogo. Anapenda yakitajwa.

"Uliyapata kwa kulima nini, baba?"

Shamba lake limejaa tumbaku mpaka leo, ila siku hizi linaitwa la shemeji yake, ambaye si mshirika wa kanisa. Orpah, shemasi wetu, akakohoa kwenye leso.

"Basi tuanze kushusha mabati ya juu," nikasema. "Vibao vitafuata."

Mzee akaomba tufunge macho. Aliomba muda mrefu sana. Tulipofumbua, ilikuwa imeamuliwa vibao vipakwe rangi nyeupe, visimkwaze mtu.

Rodi Kopany nao wameagiza, vyeupe vilevile. Na juzi shemeji wa Mzee alipita kwetu, akamwuliza Joyline kama yale mabua aliyochukua shambani kwao yalitosha, au aletewe mengine.