Uzinduzi wa Mashine ya Kubangulia Korosho

Usiku wa kuamkia leo niliota mashine yangu inaniita mama.

Ni mashine ya kubangulia korosho. Niliiunda mwenyewe uani kwetu Newala, kwa gia za baiskeli na vyuma vya kitanda, na siku ya majaribio ilimaliza gunia kabla ya adhuhuri.

"Mama," inasema, "mbona bibi anabangua kwa nyundo na mimi nipo?"

Namtazama mama yangu. Amekaa kwenye kigoda, beseni mbele yake. Anagonga korosho, ganda linapasuka, mafuta yake makali yanamrukia, na kidole chake kimoja kinadondoka ndani ya beseni. Anakiokota, anakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hiki kizima," ananiambia. "Weka daraja la kwanza. Wanunuzi hawataki vipande."

"Mama, vimebaki tisa."

"Kuhesabu nimekufundisha mimi, Somoe."

Nashika mpini wa mashine niuzungushe. Haugeuki. Mashine imefungwa utepe mwekundu kiunoni, na utepe unaniangalia toka juu hadi chini.

"Haijazinduliwa," unasema.

"Mimi ndiye niliyeiunda."

"Sijakuuliza nani kaiunda. Imezinduliwa lini, na nani?"

"Bado."

"Basi haipo."

Uani pameshakuwa uwanja wa maonesho. Kuna maturubai, spika kubwa, meza kuu na makochi yenye vitambaa vyeupe. Mama yupo palepale kwenye kigoda, anabangua. Mgeni rasmi anashuka garini: ni suti nyeusi, ndani hamna mtu. Sote tunasimama.

Suti inaiinamia mashine. "Nzuri sana. Imetoka nchi gani?"

"Hapahapa Newala, mheshimiwa."

"Sijauliza imefikia wapi. Imetoka nchi gani?"

"Uani kwetu."

Meza kuu inacheka. Meza yenyewe, si waliokaa.

Suti inafungua hotuba. Kurasa ni kumi, na kwa utaratibu utepe hukatwa baada ya ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa kwanza ni salamu kwa waliohudhuria. Nasikia kidole kinadondoka kwenye beseni. Ukurasa wa pili ni salamu kwa walioshindwa kuhudhuria. Kinadondoka kingine.

Napanda jukwaani. "Mheshimiwa, naomba utepe ukatwe sasa. Korosho zetu zinaondoka na maganda yake, zinabanguliwa mbali, halafu zinarudi kwenye makopo tusiyoyamudu. Mashine hii ingeiacha faida hapa tunapolima. Na mikono ya mama yangu ingepata kazi nyingine. Zamani alikuwa anasuka mikeka, watu wakiifuata toka Masasi."

"Umesema kweli," inajibu suti. "Hayo yote yapo ukurasa wa tisa. Mimi nipo wa tatu."

"Ukifika wa tisa hatakuwa na vidole."

"Ndiyo maana nakuomba usinikatize. Unamchelewesha."

Namkimbilia mama. "Basi acha kubangua kwanza."

"Niache, jioni tule nini? Hotuba?"

Ukurasa wa tisa unafika. Suti inasoma maneno yangu yaleyale, na kwenye spika yanapendeza zaidi. Watu wanashangilia. Kidole gumba cha mama, cha mwisho, kinaingia kwenye beseni bila kishindo.

Ukurasa wa kumi ni mfupi. "Kwa heshima ya akina mama wanaobangua kwa mikono, utepe huu sitaukata mimi. Namwomba mama huyu aje aukate."

Vigelegele. Mama anasimama, anajifunga kanga vizuri kwa viwiko, anakuja mbele. Mkasi unaletwa kwenye sinia.

"Shikamoo mama," unasema mkasi. "Utanishika wapi?"

"Marahaba. Sijui, mwanangu."

Nanyoosha mkono. "Nitakata mimi."

"Jina lako halimo kwenye ratiba," unasema utepe.

Suti inatazama saa iliyofungwa kwenye mkono mtupu wa koti. "Tutaendelea kwenye maonesho ya mwakani," inasema, na inaingia garini. Mshereheshaji anatuomba tumpigie mgeni rasmi makofi ya kilo. Uwanja mzima unapiga. Mama anagonganisha viganja vyake, havisikiki. Na mimi napiga. Napiga kuliko wote. Najiambia niache, siachi.

Niliamka kumekucha. Mama, vidole vyote kumi vikiwa mahali pake, alikuwa ameshaanza kubangua uani, pembeni ya mashine yangu iliyofunikwa turubai ikingoja kuzinduliwa. Alinimiminia chai. Nilishindwa kushika kikombe.

Alinivuta mikono, akaifungua. Viganja vilikuwa vyekundu, vimevimba, na kimoja ngozi imepasuka katikati.

"Umeshika mafuta ya korosho?"

"Sijashika, Mama."

Alichota majivu anayojipaka kila siku kabla ya kazi, akanipaka taratibu, kiganja hiki, kisha hiki. Halafu akarudi kwenye nyundo yake.