Kifua cha Joyline

Mourine alikuwa akimvisha bintiye Joyline sare ya shule, nyumbani kwao Rangwe, alipoona kwamba kifua cha mtoto kimekuwa kama kioo cha dirisha. Moyo ulionekana wote, ukidunda. Akadhani ni jasho, akakifuta kwa kitambaa. Kisha akafunga vifungo, kwa sababu walikuwa wamechelewa.

Jioni alikitazama vizuri. Kwenye mshipa mmoja unaolisha moyo palikuwa na uvimbe mkubwa kama punje ya njugu. Mourine akasonya, akikumbuka ya nyuma. Joyline alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa isiyoshuka, macho yakawa mekundu, midomo ikapasuka, ngozi ya vidole ikabambuka. Hospitalini walimpa dawa ya malaria, kisha wakasema ni surua. Daktari mmoja mgeni ndiye aliyetambua kuwa ni ugonjwa wa Kawasaki, umechelewa kutibiwa, na kwamba moyo wa mtoto upigwe picha kila mwaka hadi ukubwani. Daktari huyo akahamishwa. Waliobaki walisema homa imeisha, mtoto amepona, aende nyumbani.

Kulipokucha alimpeleka hospitali moja mjini Homa Bay.

"Huyu alikuwa na Kawasaki," alimwambia karani wa mapokezi.

"Ajali za pikipiki, Kawasaki au nyingine, ni mlango ule wa nyuma, mama."

"Si pikipiki! Ni ugonjwa wa moyo. Si ndio huu hapa?"

Karani akainama, akautazama. "Ni kweli, ni moyo. Lakini mashine ya picha imeharibika. Jaribu Migori."

Migori mashine ilikuwa nzima, ila aliyejua kuitumia alikuwa likizo. Daktari Angwenyi, kijana mpole, aliwasha tochi ya simu akaisogeza kifuani. Aliona uvimbe. Aliona hata damu ikizunguka ndani yake polepole.

"Damu ikiganda hapa, moyo unaweza kusimama," alisema. "Anahitaji dawa ya kuzuia isigande."

"Basi mwandikie."

"Siwezi bila picha."

"Daktari, si unaona kwa macho yako?"

"Naona, mama. Lakini hiyo si picha."

"Nikikimbia inauma," Joyline alisema. "Mwalimu anasema mimi ni mvivu."

Mourine alitaka kupiga kelele, akakosa wa kumpigia. Angwenyi akamwomba ruhusa wanafunzi wa uuguzi wamtazame mtoto, maana hawakuwa wamepata mfano mzuri wa ugonjwa huo. Wakaja, wakapanga mstari, wakauliza maswali ya maana. Mmoja alimnunulia Joyline soda.

"Na picha je?" Mourine akauliza.

"Mhusika akirudi tutakupigia."

Simu ililia muhula uliofuata, Mourine akiwa sokoni. Aliacha nyanya zikibingirika, akapokea. Alikuwa Daktari Angwenyi.

"Mama Joyline, wanafunzi walifanya vizuri sana kwenye mtihani. Tuna darasa jipya. Unaweza kumleta tena?"

"Na mtu wa mashine?"

"Huyo bado yuko likizo, mama."