Kanuni ya Kumi

Mhadhiri wetu tulimpa jina la Kanuni, naye hakukasirika. Siku ya kwanza ya muhula hakufundisha hata hesabu moja. Aligawa karatasi yenye kanuni kumi na moja za kozi, akazisoma zote kwa sauti ya mtu anayesoma wosia, kisha akataka kila mtu atie saini. Ukichelewesha zoezi siku moja, robo ya alama imekwenda. Ukisaidiwa, andika umesaidiwa na nani. Alama ya kufaulu ni arobaini kwa mia, na thelathini na tisa si arobaini. Ya saba ndiyo iliyotutoa jasho: anayeanguka kozi hii mara tatu anafutwa chuoni, hata awe amebakiza hiyo moja tu.

Mimi na wifi yangu tulikuwa tumeshaanguka mara mbili.

Niseme mapema, mimi ni mtu wa hasira na mdomo wangu hauna breki. Mpole ni wifi. Watu husema mawifi hawakai nyumba moja bila kutoana macho, lakini sisi tumekaa miaka tisa na macho yetu yote manne yapo. Kaka yake, yaani mume wangu, ni dereva wa lori, mwezi mzima yuko njiani. Nyumba tunaiendesha wenyewe, watoto wawili wa wifi na wangu watatu wamelundikana chumba kimoja. Sote ni walimu wa shule ya msingi, shule moja, na mwalimu mkuu alishatuambia bila kumung'unya maneno: mwakani asiye na shahada hana nafasi. Ndiyo maana kila Jumamosi tulikuwa tunakaa nyuma ya vijana tunaoweza kuwazaa, tukihangaika na hesabu za diskriti.

Diskriti ni hesabu za vitu vinavyohesabika kimoja kimoja: wageni wanaopeana mikono, njia za kutoka mji huu kwenda ule. Ukisikia hivyo unadhani ni mchezo wa watoto. Ngoja uambiwe uthibitishe. Kuna uthibitisho tuliouita wa ngazi. Unaonyesha kwamba unaweza kukanyaga kipandio cha kwanza, halafu unaonyesha kwamba ukiwa kwenye kipandio chochote unaweza kukanyaga kinachofuata, basi ngazi yote ni yako. Mimi miaka miwili haukuniingia kichwani. Wifi ndiye aliyeniingizia, jikoni, akiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo huku sufuria inachemka. Siku nilipouelewa nilimkumbatia na unga mikononi. Kosa lake lilikuwa moja, alizoea kuruka kipandio cha kwanza. "Hicho kinajulikana, wifi," alikuwa akiniambia. "Usipoteze wino."

Kwenye mtihani swali la tano lilikuwa la ngazi, alama kumi. Tuliandika vilevile alivyonifundisha, na kipandio cha kwanza tukakiruka wote.

Karatasi zetu zilirudishwa Jumanne. Yangu ilikuwa na arobaini. Arobaini kavu, isiyo na hata nusu juu yake. Nililia palepale koridoni, sikujali vijana wananiangalia. Wifi alifungua yake taratibu, akaifunga, akaifungua tena. Thelathini na sita.

"Swali la tano wamekupa ngapi?" akaniuliza.

"Nane."

"Mimi mbili."

Tukaziweka bega kwa bega. Jibu ni lile lile, karibu neno kwa neno. Karatasi zilikuwa zimegawanywa mafungu mawili kwa wasahihishaji wawili. Wangu alikuwa na mkono wazi, wa kwake mkono wa birika.

Wifi akatoa ile karatasi ya kanuni, aliyoikunja mpaka imechakaa, akaniwekea kidole kwenye ya kumi. Ilisema kwamba mwenye malalamiko alete barua kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi. Mhadhiri atajumlisha upya na kutazama kama kuna ukurasa ulioachwa, lakini uamuzi wa msahihishaji hataugusa, isipokuwa aletewe karatasi ya mwanafunzi mwingine yenye jibu hilohilo na alama tofauti. Hapo karatasi zote mbili zitasahihishwa upya kwa mwongozo, na alama itakayotoka ni ya mwisho.

"Nitaomba karatasi yako, wifi," akasema. Macho yake yalikuwa yameanza kupata uhai. "Wakiiona nane yako, lazima waninyanyue."

"Utaipata jioni," nikamwambia, na wakati ule nilimaanisha.

Yeye akawahi kipindi chake shuleni. Mimi nilibaki, nikapita kwenye ubao wa matangazo, na pale ndipo nilipoukuta mwongozo wa usahihishaji umebandikwa. Swali la tano: kipandio cha kwanza, alama nne. Hatua ya kupanda, alama sita. Nikasimama. Kwa mwongozo ule sote tulistahili sita. Wifi angeongezewa nne, thelathini na sita yake ingekuwa arobaini. Mimi ningepunguziwa mbili, arobaini yangu ingekuwa thelathini na nane. Nilirudia mara tatu. Ni hesabu ya darasa la pili, naifundisha kila mwaka, na haikubadilika. Karatasi yangu ilikuwa inatosha mtu mmoja tu.

Jioni alikuwa ananipakulia chakula aliponiuliza.

"Nimeitafuta, wifi, sijaiona," nikasema. "Nahisi nimeichanganya na makaratasi ya shuleni, na yale yamechomwa leo mchana."

Akanitazama kitambo. Mimi nikatazama sahani.

"Basi," akasema. "Mungu ndiye anayepanga." Akaniongezea upawa mwingine. Afadhali angenitukana.

Siku mbili zile sizitamani hata kwa adui yangu. Kuichana sikuthubutu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu pekee kwamba nimefaulu. Kuiacha chumbani sikuthubutu pia, maana wifi anaingia chumbani kwangu kama kwake. Nikawa natembea nayo kwenye mkoba. Darasani niliwafokea watoto bila sababu. Nilijiambia mtu chake, nikajiambia nina watoto watatu na yeye ana wawili, kana kwamba watoto wanatolewa na kujumlishwa. Nilijiambia pia kwamba aliyenifundisha kuruka kipandio cha kwanza ni yeye, kwa hiyo kosa ni lake. Kila nikimaliza kujiambia, maji yako palepale shingoni.

Ijumaa asubuhi akanishika mkono mlangoni. "Nisindikize, wifi. Miguu yangu haina nguvu."

Ningekataaje? Nikaenda.

Ofisi ya Kanuni ilikuwa na meza moja, viti vitatu, na makabati yaliyopangwa kwa miaka. Alipokea barua ya wifi, akaisoma, akachukua penseli na kujumlisha alama zote moja baada ya nyingine, midomo ikitikisika. Akafunua ukurasa kwa ukurasa. Wifi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Jumla ni sahihi," akasema hatimaye. "Hakuna ukurasa ulioachwa. Swali la tano naona msahihishaji alikuwa mkali, lakini siruhusiwi kumgusa bila karatasi ya pili. Umeandika hapa kwamba kuna mwenzako aliyepata nane."

"Yupo, mwalimu. Karatasi yake imepotea."

Kanuni akanigeukia mimi. Wifi akawahi kusema, "Usimwulize huyu. Hana kosa lolote."

Halafu wifi yangu, ambaye sijawahi kumsikia akiomba kitu hata kwa kaka yake, akaanza kuomba. Alisema ana miaka arobaini na miwili. Alisema apewe mtihani mwingine, wowote, ataufanya pale pale, hata kwa kusimama. Sauti ilimkatika katikati ya sentensi, akameza mate, akaanza upya tangu mwanzo, akidhani labda hakueleweka.

"Kanuni ya saba, mama," mhadhiri akasema. Hakusema kwa ubaya. Akafungua kalamu ili atie saini.

Hasira ilinipanda. Mpaka leo sijui nilimkasirikia nani: yeye na kanuni zake, yule mkono wa birika, au wifi kwa kunitetea mbele za watu wakati mimi nimemfukia. Msidhani ni wema. Mtu mwema angeitoa Jumanne. Nilifungua mkoba, nikaitupa karatasi juu ya meza.

"Hiyo hapo."

Kanuni hakuuliza ilikopotelea. Aliziweka sambamba, akavuta mwongozo, akasoma swali la tano la kwangu, kisha la wifi. "Kipandio cha kwanza hakipo," akasema. "Kwa wote wawili. Nne zimekwenda. Zinabaki sita."

Wifi ana kichwa chepesi kuliko changu. Niliona midomo yake ikipiga hesabu, nikaona alipofika. Akanyoosha mkono, akaikandamiza karatasi yangu kwa kiganja chote.

"Nafuta malalamiko, mwalimu."

"Haifutiki, mama. Kanuni ya kumi na moja. Karatasi ikishafika mezani haiondoki."

"Nimesema nafuta. Barua ni yangu, nimeiandika mimi." Akanigeukia. "Wifi, chukua karatasi yako."

Nilikuwa nimeficha mikono yote miwili chini ya mapaja, niikalie, kwa maana ingeachiwa ingeichukua. Naapa ingeichukua.

"Toa mkono wako, wifi," nikamwambia. "Toa kabla sijabadilisha mawazo."

Hakutoa. Mhadhiri ndiye aliyeivuta karatasi polepole chini ya vidole vyake, akaandika sita kwenye yangu na sita kwenye yake, akajumlisha, akatia saini mara mbili. Arobaini. Thelathini na nane. Kisha akavua miwani na kusema pole, akiangalia dirishani, na hatukujua anamwambia nani.

Tulifika mpaka kwenye ngazi za jengo, nikakaa. Wanafunzi walikuwa wanaturuka. Wifi akakaa kipandio cha chini yangu, mgongo kwangu, ameikumbatia karatasi yake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Kwa hiyo usinishukuru. Nilikudanganya huku unanipakulia chakula."

"Najua ulinidanganya," akasema. "Nilikuwa natafuta pini Jumatano, nikaiona kwenye mkoba wako."

Nilihisi nimemwagiwa maji. "Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Nilidhani unaogopa tu wasije wakagusa alama zako. Nikasema nitakuomba unisindikize, moyo wako ukikuruhusu utaitoa. Usipokuruhusu, bado wewe ni wifi yangu, nitakwenda wapi?" Alipangusa pua kwa kiganja. "Ile hesabu sikuijua, wifi. Wallahi ningeijua, hii barua ningeila."

Nikalia kwa sauti, kilio cha msibani, kwa sababu sasa sikuwa na hata mtu wa kumlaumu. Miaka minne ya Jumamosi. Watoto watatu. Na mtu niliyemfungia mlango makusudi ndiye aliyekuwa ameniachia wake wazi.

Aliniacha nilie. Kisha akasimama, akajifunga mtandio vizuri. "Nyanyuka. Vipindi vyetu vya shuleni vinaanza saa sita."

"Vyako," nikasema. "Mimi nimebakiwa na kuhesabu siku."

Alininyooshea mkono tu, akakaa hivyo, mkono hewani, watu wanapita. Nilimchukia dakika nzima, nasema ukweli wa Mungu. Halafu nikaushika, maana peke yangu nisingeweza kusimama.