Seline Yuko Kazini

Kama ungemwona Adoyo Jumamosi ile kando ya uwanja wa Kiplombe, akipiga makofi kila timu ya Kiprono ilipopata kona, ungedhani mpira umemwingia damuni. Wapi! Hata kuotea hakukujua. Alikuja kwa sababu asiyekuja husemwa, na anayesemwa huulizwa maswali, na Adoyo aliogopa maswali kuliko ugonjwa. Kwa hiyo hakukosa mechi hata moja ya nyumbani. Alileta chupa ya chai na mahindi ya kuchemsha, akacheka kwa sauti kuliko wote.

Walikuwa wanne wa kudumu, wote wa darasa moja la chuo cha ualimu, waliomaliza mwaka wa elfu mbili na sita. Kiprono ndiye aliyekuwa kocha, mwalimu wa michezo ambaye hajazeeka popote isipokuwa kichwani. Jemutai alikuwa mwalimu mkuu upande wa Moiben, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Byron alikuwa ameacha chaki zamani akafungua duka la vitabu mjini Eldoret, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Desemba hiyo wangetimiza miaka ishirini tangu wamalize chuo, na walitaka kuwakusanya wenzao wote. Tangu Januari hawakuwa na jambo lingine. Mpira ulichezwa mbele yao, wao wakabishana juu ya mbuzi, hema na rangi ya fulana.

Wasilolijua ni hili: Adoyo hakufuzu. Alikaa darasani hadi siku ya mwisho, mitihani akafanya, lakini hesabu ikamwangusha. Akatakiwa kurudia, na mwaka huohuo baba yake akafariki, basi mambo ya kurudia yakaishia hapo. Aliyefaulu ni Seline Okeyo, rafiki yake wa chumba kimoja, msichana wa Ugunja aliyekuwa akicheka mpaka ashike ukuta. Vyeti vilipotoka, Seline alikuwa kitandani na malaria. Akamwandikia Adoyo barua ya ruhusa, akamwambia nenda unichukulie. Adoyo akaenda, akakichukua, na aliporudi nacho akakuta kilio nyumbani kwa kina Seline: malaria ilikuwa imemshinda.

Alimlilia rafiki yake machozi ya kweli, hilo tusimnyime. Lakini bahasha ilibaki ndani ya sanduku lake la nguo, na hakuna aliyeiulizia. Mwaka mmoja baadaye, maisha yalipomkaba koo, alikwenda kwa wakili akala kiapo kwamba Rosebella Adoyo na Seline Okeyo ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Viapo vya namna hiyo huapwa kila siku katika nchi hii, maana makarani hukosea majina na watu hubatizwa upya. Wakili hata hakuinua macho. Muhuri ukagongwa, kitambulisho kikabadilishwa, na Seline Adoyo Okeyo akapata kazi ya kufundisha Cheptiret.

Sasa ni miaka kumi na minane. Shuleni anaitwa Madam Okeyo. Kwa wenzake wa chuo alibaki Adoyo, nao waliamini alirudia ile hesabu akapita. Na kama yeyote wao angesikia hilo la Okeyo, jibu lilikuwa tayari: ni jina la mume. Mume huyo alikuwa na kazi Mombasa, na maskini hakupata likizo hata siku moja. Wenzake walimtania sana juu ya huyo bwana asiyeonekana. Adoyo alicheka nao, halafu akalala macho usiku kucha. Alijua vyeti vinakaguliwa nchi nzima. Alisikia habari za walimu waliotolewa darasani na pingu mikononi, watoto wakitazama. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto wawili, baba yao halisi alishatoroka, na hakuwa na ndugu wa kumwachia.

Siku hiyo mechi ilikuwa imefika mapumziko, Kiprono akiwafokea vijana wake katikati ya uwanja, Byron alipotokea akihema, faili kwapani.

"Wacheni mpira kwanza," alisema, akijibana kwenye benchi upande wa pili wa Adoyo, aliyekaa bega kwa bega na Jemutai. "Niko na maneno."

"Na ulikosa maneno lini?" Jemutai alimjibu.

"Hii si ya mchezo. Si tulisema program ya reunion iwe na picha za wenzetu walituacha? Nikaenda Ugunja kwa Mama Seline, nikapewa picha. Alafu nikasema wacha nipitie ofisi ya elimu, pengine Seline aliomba kazi kabla akufe, tupate tarehe sawasawa. Mnajua karani aliniambia nini?"

Adoyo alikuwa na mahindi mdomoni, na mahindi yale yaligeuka changarawe.

"Aliangalia kwa computer, akaniambia, 'Lakini huyu Seline Okeyo yuko kazini.'"

Adoyo alitazama mbele, kwenye goli tupu lenye wavu uliotoboka, akajilazimisha kutafuna. Usigeuke, alijiambia. Usigeuke haraka, na usikawie kugeuka.

"Kazini wapi?" Jemutai aliuliza.

"Hapa hapa Uasin Gishu! Anafundisha! Cheti ni ya chuo yetu, mwaka yetu, index number ya mtihani ni ya Seline. Mtu amebeba jina ya marehemu, Jemutai. Mtu anakula kwa mgongo ya dada yetu na sisi tuko hapa tunapanga rangi ya fulana!"

"Pengine majina imefanana tu," Adoyo alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akakohoa kuisawazisha. "Okeyo ni wengi, Byron."

"Na index number ifanane pia? Hapana, dada. Za mwizi ni arobaini, na za huyu zimefika."

Jemutai alikuwa amekunja uso. "Ni shule gani?"

"Karani amekataa kusema. Anataka barua, na iwe na sahihi ya mtu mwenye alishuhudia mazishi. Sasa sisi wengine tulikuwa tumetawanyika. Nani alienda mazishi?"

Wote wawili walimgeukia Adoyo. Byron akamshika bega kwa upole, upole uliomtia baridi hadi mifupani. "Wewe ndio ulikuwa roommate yake. Wewe ndio shahidi."

Adoyo alitafuta pa kutokea. Aseme hakuwa mazishini? Mwenyewe aliwasimulia, tena zaidi ya mara moja, jinsi mvua ilivyonyesha siku ile na pasta akafupisha mahubiri. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Aliwaona polisi wakiegesha gari mbele ya darasa lake. Aliwaona watoto wake wamesimama getini na mabegi yao, wasijue waende kwa nani.

"Kuna kitu nimekosea lakini," Byron alisema, na kwa mara ya kwanza alipunguza sauti. "Nilimpigia Mama Seline nikamwambia. Nilidhani atakasirika kama mimi. Akaniuliza tu, 'Kwa hivyo mtoto wangu anafundisha?' Nikamwambia hapana Mama, ni mwizi. Hasikii. Anasema pengine tulizika msichana mwingine. Ati siku ile alikuwa analia sana hakuangalia vizuri. Wiki hii amekandika nyumba upya. Ananipigia kila siku kuuliza kama tumempata."

"Byron, Byron," Jemutai alisema. "Huo mdomo yako."

"Najua. Ndio nataka hii kitu iishe haraka. Huyo mwizi ashikwe, Mama aone uso yake, aamini."

Adoyo alikuwa amezoea kumwogopa polisi, mkaguzi na karani. Hofu hizo alizijua, alilala nazo na kuamka nazo, na alijua namna ya kuzibeba. Hii ilikuwa nyingine na ilikuwa mbaya zaidi. Kule Ugunja mwanamke mzee alikuwa akipaka udongo ukutani kwa ajili ya mtoto ambaye Adoyo mwenyewe alimsuka nywele kabla ya kufunikwa sanduku. Hakuna aliyezikwa kwa makosa. Alikuwa Seline, na kovu lake dogo chini ya kidevu.

Kipindi cha pili kilianza. Muda si muda vijana wa Kiprono wakafunga bao, uwanja ukalipuka, watu wakaruka na kukumbatiana. Byron hata hakugeuka. Aliitandaza barua juu ya faili, akalisukuma faili mapajani mwa Adoyo pamoja na kalamu.

"Jina yako iko hapo juu tayari. Weka sahihi tu hapa chini."

Tia sahihi, Adoyo aliwaza. Tia uondoke. Barua itafika Jumatatu, itakaa mezani kwa mtu wiki nzima, kwa sababu barua hukaa. Kufikia hapo atakuwa amewachukua watoto, amevuka mpaka wa Busia, amepotea. Mpango huo ulimjia wote kwa mpigo na ukampa utulivu wa uongo. Akashika kalamu, akatia sahihi upesi, asijipe nafasi ya kutetemeka, akamrudishia Byron faili.

Byron aliitazama barua. Akaisogeza karibu na macho.

"Adoyo, umeandika nini?"

Adoyo akainama kutazama. Pale chini ya jina lake, Rosebella Adoyo, palikuwa na S kubwa, A, na Okeyo mwenye mkia mrefu uliorudi chini na kukata mstari. Mkono ulikuwa umeandika kile unachoandika kila asubuhi kwenye kitabu cha mahudhurio ya walimu, kwenye maandalio ya masomo, kwenye ripoti za watoto, kwa miaka kumi na minane.

Alingoja Byron apige kelele.

"Pole sana," Byron alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni uchungu. Umekuwa ukimfikiria, ukaandika jina yake. Hata mimi ningechanganyikiwa. Wacha nilete copy ingine kwa gari."

Akaondoka mbio kuelekea barabarani. Barua ilibaki kwenye benchi, na Jemutai akaichukua. Aliisoma pole pole kama anavyosoma vyeti vya walimu wapya wanaoripoti shuleni kwake. Mtu aliyechanganyikiwa husita, au hukata na kuanza upya. Mkono huu haukusita popote.

"Adoyo."

"Mm."

"Hii sahihi umeizoea."

Lile jibu la zamani lilikuwa tayari kwenye ulimi wake: ni jina la mume. Lakini mume angeeleza Okeyo tu, si ile S. Adoyo alitafuta uongo mwingine wa kuiziba ile S, akatafuta kwa dhati, maana maisha yake yote yalikuwa juu ya herufi hiyo moja. Hakuupata.

"Nimeizoea," alisema.

Jemutai hakupiga kelele. Alisogea tu kwenye benchi, kidogo, mpaka mabega yao yakaacha kugusana. Waliketi pamoja hivyo tangu chuoni, na sasa nafasi ile iliyobaki kati yao ilimuuma Adoyo kuliko kofi.

"Na ulimzika na mkono yako," Jemutai alisema.

"Nilimzika."

"Mungu wangu."

"Nitafungwa, Jemu?"

"Sijui." Jemutai alikuwa bado ameishika barua. "Pengine. Lakini mimi sifikirii jela saa hii. Nafikiria mama ya watu huko Ugunja."

Byron alikuwa anarudi, karatasi mpya mkono mmoja, simu sikioni. "Ee, Mama. Ee, yuko hapa, tumekaa naye. Ngoja." Akaiziba simu kwa kiganja. "Ni yeye. Nilimwambia shahidi ni wewe, sasa anataka akusikie. Aki muongeleshe, Adoyo. Mimi ameshindwa kuniamini, lakini wewe atakuamini."

Adoyo aliipokea simu. Aliishika kwa mikono yote miwili. Hata siku ile kwa wakili hakuogopa hivi.

"Adoyo, nyathina," sauti ya mzee ilisema, nayo ilikuwa changamfu kama ya mtu anayengoja wageni wa harusi. "Mtoto wangu. Nyinyi mlikuwa mnalala chumba moja, mlikuwa mnakula sahani moja. Huyu Byron ni mwanaume, hajui kitu. Niambie wewe ukweli. Umemwona?"

Byron alikuwa akimtazama kwa matumaini. Jemutai alikuwa akitazama uwanjani, na Adoyo alijua hatamsaidia, wala hatamzuia.

"Mama," alisema, "uko wapi saa hii?"

"Niko hapa mlangoni."

"Kuna kiti hapo?"

"Kiko. Kwa nini?"

"Keti, Mama."

Kiti kilikwaruza sakafu. Adoyo alisubiri mpaka kikanyamaza, ndipo akamwambia kwamba Seline alikufa, na kwamba yule mwalimu ni yeye.