Waya wa Nane

Usiku wa kuamkia leo nimeota kibano changu kinanidai shikamoo.

"Mimi ni mkubwa hapa mezani," kinasema. "Amkia kwanza."

Nikaamkia, kikaitika marahaba, mambo yakaendelea.

Lakini ngoja niwaeleze hiyo meza, maana mtu akiingia ndotoni kwa mwenzake bila kuelezwa hupotea. Mimi Saumu kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia hapa Tanga, na jioni za mwezi huu wote nimekuwa nikimtengenezea kaka yangu Mhina gari dogo la mfano, urefu wake kama kalamu. Ni mfano wa gari lake mwenyewe, lile jekundu alilokuwa akishindana nalo kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, kule shamba la mkonge: magari mawili, njia iliyonyooka, wa kwanza kufika kashinda. Siku hizi kaka haoni. Macho yamekwenda yote mawili na gari likauzwa. Tangu hapo watu wanamchezea. Wanamwambia shati limenyooshwa, kumbe limejikunja. Chai ina maziwa, kumbe ni ya rangi. Anajua, na inamuuma.

Na mimi, dada mtu, nimefanya nini? Injini ina plagi nane, kila moja na waya wake. Nimefunga nyaya saba. Wa nane unakaa nyuma kabisa, gizani, na sisi watengeneza mifano tuna desturi yetu: kisichoonekana hakitengenezwi. Nikajisemea, nani ataona? Nikafunika boneti, nikaenda kulala.

Sasa turudi kwa kibano.

"Sharti la meza unalijua," kinasema. "Kila kitu kinapunguzwa mara ishirini na nne, kama lile gari."

Kinanipima kwa rula, napungua. Hakuna maumivu. Sauti inapungua, na njaa pia, maana nililala bila kula vizuri. Sasa ni njaa ya punje mbili za wali.

"Rangi haijakauka," inatangaza chupa ya rangi nyekundu. "Mtu asiguse kitu."

Basi Tanga nzima imesimama mikono juu. Jirani yangu anawashwa pua na hana la kufanya.

"Pole, jirani," namwambia.

"Nishazoea," anajibu.

Rangi inakauka, mikono inashuka, na meza si meza tena. Ni kiwanja cha ndege kule mkongeni. Mikonge imejipanga pande zote mbili kutazama mashindano. Mmoja unaniuliza kama hapa nilipo pana mtu. Nasema ndiyo, mimi. Unaomba radhi.

Gari jekundu liko kwenye mstari. Ndani amekaa Kaka Mhina, kofia kichwani, mkanda umefungwa. Upande wa pili yapo meno ya juu niliyomtengenezea mteja wangu, yamefungwa magurudumu, yanatabasamu.

Taa inawaka kijani. Meno yanaondoka. Gari la kaka linakohoa, halisogei.

"Saba," inasema injini.

"Saba nini?"

"Saba zina moto, ya nane haina. Mimi siendi hivi."

"Ya nane haionekani," naieleza kwa adabu.

"Mimi naiona. Ninaishi nayo."

Jamani, aibu niliyoiona! Kaka anageuza uso kunitafuta, vilevile anavyougeuza mtu akimdanganya kuhusu maziwa.

"Saumu," anasema polepole. "Na wewe?"

Neno hilo linanichoma moyo. Nataka kusema samahani lakini sauti imepunguzwa, haifiki.

"Waya sina," nakiambia kibano.

"Sharti la pili halisemi uwe waya wa kweli. Linasema uwepo."

Natia mkono kichwani, nachomoa unywele mmoja mweupe, ninazo za kutosha. Naufunga kule nyuma kwa kibano chenyewe, nacho kinalalamika kwamba kinatekenywa. Injini inanguruma. Gari linachomoka, linayapita meno yakiwa bado yanatabasamu, na mwavuli wake wa breki unafunguka kwa nyuma kulipunguza mwendo. Mikonge inapiga makofi kwa uangalifu, isije ikachomana.

Nikaamshwa na hodi. Ilikuwa asubuhi, na kaka amekuja kunywa chai kama kawaida yake. Nikamfungulia, nikakimbilia jikoni kuzima jiko, nikiwa nimeshaamua: nitamwambia gari halijaisha, anipe siku moja. Niliporudi alikwishalikuta mezani. Vidole vyake vilipita kwenye matairi, mlango, boneti. Akaifunua. Akaenda moja kwa moja nyuma kabisa, gizani kule, maana enzi zake waya ule ulikuwa hauachi kuchomoka, na hakumruhusu fundi yeyote kuugusa.

"Kaka, ngoja kwanza..."

"Upo," akasema.

Akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu macho yaende.

"Hata huu umeuweka! Mtu yeyote angeuacha, Saumu. Angesema huyu haoni." Akaugusa tena, taratibu. "Ila mbona mwembamba kuliko wenzake?"

Nikavaa miwani, nikainama. Nyaya nyeusi saba, kama nilivyoziacha. Wa nane ulikuwa mweupe, na ncha yake imejisokota, kama nywele zangu zinavyojisokota.

"Ni unywele wangu, kaka," nikasema, na machozi yakanitoka.

"Makubwa haya!" Akalipakata gari lake, akavuta kiti. "Haya, chai iko wapi? Ina maziwa?"

"Haina, kaka. Yamekwisha."

"Nimiminie hivyo hivyo."