Mikono ya Kushoto

Wakaguzi walipokuja shuleni kwao Hengyang, China, Callum, Mskoti aliyefundisha Kiingereza, alipigwa na butwaa. Aliuliza swali la kwanza tu, darasa zima likanyoosha mikono. Jana yake walikuwa kimya kama waliomwagiwa maji.

"Wamerogwa?" alimnong'oneza Mwalimu Qiu, msaidizi wake.

"Anayejua kanyoosha wa kulia, asiyejua wa kushoto. Chagua wa kulia, usituaibishe bwana."

Akachagua wa kulia. Wakaguzi wakapiga makofi.

Jioni, kwenye karamu ya kuwaaga wakaguzi, mkuu wa shule aliinua tena chupa ya pombe kali ya mtama. "Walimu wangu, nani bado anaweza?"

Walimu wote wakanyoosha mikono. Callum naye akanyoosha wa kushoto, kisha akaitazama meza nzima. Wa kulia haukuwepo hata mmoja.