Charango ya Masika

"Irudishe hiyo charango ukutani, Gumersindo! Viazi ndiyo kwanza vimetoa maua!"

Mama yake alisema kweli. Kwetu huku milimani, masika ni ya filimbi. Nyuzi za charango, kigitaa chetu kidogo, huita baridi kali, na baridi ikikuta maua, basi tena, ni njaa mwaka mzima. Hata mtoto anajua. Lakini Casilda, mpenzi wake, alikuwa anaozwa Jumapili kwa mgane wa ng'ambo ya mto, na msichana wa kwetu hatoroshwi kwa filimbi.

"Ningoje kiangazi nimwimbie mke wa mtu?" alijibu, akatoka.

Alimkuta Casilda akipalilia shamba la baba yake. Akakaa juu ya ukuta wa mawe, akapiga. Vidole vilikuwa vigumu kwa jembe, ila nyuzi zilimtii.

"Njoo, macho meusi, njia ni fupi kwa wawili,
peke yangu sifiki hata mtoni."

Casilda aliinuka. "We mwendawazimu, utatuua!" Lakini alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Kesho asubuhi. Nisubiri kwenye chemchemi."

Jamani, furaha aliyorudi nayo kijana yule!

Asubuhi alikuta chemchemi imefunga ganda la barafu. Hakutaka kuelewa. Alingoja mpaka jua likapanda, kisha akaenda mwenyewe shambani. Maua yote yalikuwa meusi, mashina yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto. Mzee Apolinar, baba yake Casilda, alikuwa ameketi chini, kofia mapajani. Mashamba yetu sote yalikuwa hivyo hivyo.

"Twende," Gumersindo alimwambia Casilda, aliyekuwa amesimama kati ya matuta. "Nakuomba."

"Twende wapi? Wadogo zangu watakula nini?" Hakuwa na hasira; heri angekuwa nayo. "Yule mgane ghala lake limejaa. Jana ningeweza kumkataa. Leo siwezi."

"Si mimi, Casilda. Baridi hushuka yenyewe tu."

"Unaamini hivyo?"

Akafungua mdomo. Naye ni mtoto wa huku huku. "Ndiyo" ilimshinda kutamka.

Casilda akageuka, akaanza kufukua vile viazi vichanga vilivyopona chini ya udongo, vidogo kama kokoto, vya kupikia wageni wa Jumapili. Gumersindo akapiga magoti kwenye tuta la pili, akafukua naye, akipangusa udongo kwa kidole gumba, kimoja kimoja, na kuvitia kikapuni mwa Casilda.